UZI: Bingwa wa Ulaya wa kikapu 1949 ni Misri. Si utani, na wala si kombe la mbuzi

Mnazi wa Kikapu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa BAL, ile ligi ya vilabu vya kikapu Afrika, kuna mdau kaandika kwamba Mwafrika hajawahi kubeba kombe la maana la kikapu nje ya bara lake. Sikutaka kuharibu mada ya watu kule, nimehamia huku.

Fungua orodha ya mabingwa wa Ulaya kwa wanaume. Latvia 1935. Lithuania 1937, wakarudia 1939. Vita. Chekoslovakia 1946. Umoja wa Kisovieti 1947. Halafu unafika 1949 unakuta Misri, na bendera yake ya enzi za Mfalme Farouk, ile ya kijani yenye mwezi na nyota tatu. Imekaa katikati ya wazungu na hakuna aliyethubutu kuiondoa mpaka leo.

Mashindano yalipigwa Cairo, tarehe 15 hadi 22 Mei 1949. Timu zilikuwa 7: Misri, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Uholanzi, Siria na Lebanon. Hakukuwa na makundi wala nusu fainali. Kila timu ilicheza na kila timu, mechi 6 kwa kila mmoja, anayeongoza msimamo ndiye bingwa. Misri walishinda zote 6. Ufaransa wa pili, Ugiriki wa tatu, Uturuki wa nne, Uholanzi wa tano, Siria wa sita, na Lebanon wakaburuza mkia bila ushindi hata mmoja.

Mchezaji bora alikuwa Hussein Montasser wa Misri. Mfungaji bora Hüseyin Öztürk wa Uturuki. Akina Hussein walitesa mwaka ule.

Sasa ilikuwaje michuano ya Ulaya ipelekwe Cairo? Desturi ya wakati ule ilikuwa bingwa anaandaa yanayofuata. Latvia walishinda 1935, basi 1937 watu wakaenda Riga. Lithuania wakashinda Riga, 1939 watu wakaenda Kaunas, na Walithuania wakajenga ukumbi mahususi kwa ajili hiyo. Mwaka 1947 kule Prague bingwa alikuwa Umoja wa Kisovieti, wa pili Chekoslovakia, wa tatu Misri, waliowafunga Ubelgiji kwenye mechi ya kutafuta shaba. Wasovieti wakasema hawaandai. Chekoslovakia nao wakakataa. Zamu ikamwangukia wa tatu, na wa tatu akasema leteni.

Nawasilisha.

---

Wa Kisauni

Nimeweka kambi. Nikiri nilipoona kichwa cha habari nilijua hii ni chai, tena ya maziwa. Lakini hebu nieleweshe kitu kimoja: Misri na Ulaya wapi na wapi? Nani aliwaingiza?

---

Bwana Takwimu

Mkuu, uzi mzuri, ila kuna kitu umekiruka makusudi.

Timu 7. Toa Misri mwenyewe, toa Siria na Lebanon ambazo ni za Asia. Zimebaki nne, na moja kati ya hizo nne ni Uturuki, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inashiriki. Bingwa mtetezi yuko wapi? Chekoslovakia wako wapi? Italia? Ubelgiji? Hungary?

Mimi mtaani kwetu pia ni bingwa wa draft kama wanaojua kucheza wote wamesafiri. Hili lilikuwa kombe la mbuzi lililopewa jina kubwa.

---

Mnazi wa Kikapu

Nianze na Wa Kisauni maana swali lake ni jepesi.

FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliundwa Geneva mwaka 1932, na miaka ile ya mwanzo haikuwa na kanda za mabara kama tunavyozijua. Mwafrika mwenye timu ya taifa ya kikapu alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda kushindana: Ulaya. Misri walikuwepo Olimpiki ya Berlin 1936, kikapu kilipoingia rasmi kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata walikuwepo Riga. Kombe la Afrika lilikuja 1962, nalo likaanzia Cairo hapo hapo, na Misri wakalibeba. Kwa hiyo 1949 hawakuwa wamezamia harusi ya mtu. Walikuwa wanachama kama wengine.

Sasa Bwana Takwimu. Ndugu yangu, mialiko ilikuwepo, safari ikawashinda. Misri wafanyeje, wawafuate Moscow wawashike mikono? Kwenye ligi zetu timu isipotokea uwanjani inapewa hasara, anayepata pointi ni aliyevaa jezi akasubiri. Wewe unataka aliyekuja ndiye aadhibiwe kwa kosa la asiyekuja.

Na hao waliokuja usiwadharau. Ufaransa walikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya London, Agosti 1948. Walikuwa wa pili duniani nyuma ya Marekani, na kocha wao alikuwa Robert Busnel, ambaye miaka ya 1980 alikuja kuwa rais wa FIBA. Kwenye Olimpiki hiyo hiyo Misri walikuwa wa 19 kati ya timu 23. Miezi tisa baadaye wanakutana Cairo na wa 19 anammaliza wa pili. Kombe la mbuzi gani hilo linalochezwa na washindi wa fedha wa Olimpiki?

---

Bwana Takwimu

Umejijibu mwenyewe. Wa 19 London, halafu bingwa Cairo. Kilichobadilika ni nini kati ya Agosti na Mei? Uwanja. Nyumbani, mashabiki wake, joto la Mei la Cairo. Mwenyeji akibebwa huwa haonekani kwenye msimamo.

---

Dada Rebound

Nimecheza hadi ngazi ya mkoa, nikafundisha wasichana wa sekondari, na hili la "mwenyeji kabebwa" huwa linanichosha, maana linatolewa bila hata ushahidi wa filimbi moja.

Tuangalie mpira wenyewe ulikuwaje. 1949 hakuna mstari wa pointi tatu. FIBA waliuleta 1984. Hakuna saa ya mashambulizi, ile inayokulazimisha urushe kabla muda haujaisha. NBA, ligi ya Marekani, walianza na sekunde 24 mwaka 1954, FIBA wakaja na sekunde 30 mwaka 1956. Maana yake ni kwamba ukiongoza kwa pointi nne zikabaki dakika tano, unaweza kuushika mpira, ukaupitisha mkono kwa mkono pembeni, wapinzani wakakimbia kama wanafukuza kuku, na hakuna mwamuzi wa kukwambia kitu. Novemba 1950 huko kwenye NBA yenyewe, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Mechi nzima ya wakubwa!

Mpira wa namna hiyo hauwapi faida warefu peke yao. Unawapa faida wenye pasi safi, wenye pumzi, na wenye kocha anayejua lini kushambulia na lini kulala na mpira. Kwa timu iliyokaa pamoja, miezi tisa ni mingi sana. Misri wale walikuwa wamekwenda Prague 1947, wakaenda London 1948, wakaja Cairo 1949. Mashindano makubwa matatu ndani ya miaka mitatu. Nani kati yetu ana timu ya taifa iliyopata nafasi hiyo?

Na kocha hamjamtaja. Nello Paratore, Mwitaliano. Baadaye alikabidhiwa timu ya taifa ya Italia yenyewe, na kwenye Olimpiki ya Roma 1960 akaifikisha nafasi ya nne. Sasa niambieni, mtu wa aina hiyo anahitaji kubebwa?

---

Mjukuu wa Chifu

Dada Rebound apewe maua yake. Ile ya kufukuza kuku nimecheka peke yangu kwenye daladala.

---

Bwana Takwimu

Sawa, kocha mzuri. Ila twende mbele. Mwaka 1953 Misri walikwenda Moscow, michuano hiyo hiyo ya Ulaya, safari hii wakubwa wote wapo, timu 17. Misri wakamaliza wa nane. Wasovieti bingwa, Hungary wa pili, Ufaransa wale wale wa tatu. Hiyo ndiyo saizi yao halisi. 1949 ilikuwa bahati ya ratiba.

---

Mnazi wa Kikapu

Umeruka kutoka 1949 hadi 1953 kana kwamba katikati hapo dunia ilisimama. Rudi 1950.

Oktoba 1950 FIBA waliandaa Kombe la Dunia la kwanza kabisa la kikapu, Buenos Aires, ukumbi wa Luna Park. Timu 10. Misri walikwenda kama bingwa wa Ulaya, Ufaransa nao wakaenda. Hapo hakuna joto la Cairo, hakuna mashabiki wa Misri, ni ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Argentina walichukua ubingwa kwa kuwafunga Marekani 64 kwa 50, na mji mzima ukawa hauna usingizi. Nyuma yao, kwenye kundi la mwisho la timu 6, Chile, Brazil na Misri walilingana, kila mmoja na ushindi wa mechi mbili. Hesabu za kutenganisha zikawapa Chile shaba, Brazil nafasi ya nne, Misri ya tano. Ufaransa? Wa sita, wamepoteza mechi zote za kundi hilo, ikiwemo ya Misri.

Kwa hiyo Misri waliwafunga Ufaransa nyumbani, wakawafunga tena Amerika ya Kusini. Ukisema mara ya kwanza walibebwa, ya pili walibebwa na nani? Rais Perón wa Argentina?

Nafasi ile ya tano ndiyo ya juu kuliko zote ambazo timu ya Afrika imewahi kufika kwenye Kombe la Dunia la wanaume. Angola wa akina Kikas hawajaifikia, Nigeria hawajaifikia, Sudan Kusini waliotufurahisha 2023 hawajaifikia. Miaka inapita, ipo pale pale.

---

Wa Kisauni

Wueh. Hiyo ya Buenos Aires sikuwahi kuisikia maishani mwangu, na mimi kikapu nakifuata tangu enzi za Jordan.

---

Baba Naima

Niongeze upande ambao wapenzi wa michezo huwa hawautazami.

Tazameni hali ya hao waliokuja Cairo. Misri wenyewe walikuwa wametoka vitani; mkataba wa kusitisha mapigano na Israel ulisainiwa Rhodes tarehe 24 Februari 1949, chini ya miezi mitatu kabla ya mechi ya kwanza. Lebanon walisaini mwezi Machi. Siria walikuwa hawajasaini bado, walisubiri hadi Julai, na juu ya hapo tarehe 30 Machi Husni al-Za'im alikuwa kaipindua serikali Damascus. Wiki sita na kidogo baada ya mapinduzi, vijana wa Siria wako Cairo wanarusha mpira. Ugiriki walikuwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoisha Oktoba mwaka ule. Waholanzi walikuwa bado wanapigana Indonesia, nchi waliyoiachia rasmi Desemba.

Sasa orodhesheni waliobaki nyumbani, mtuambie nani kati yao alikuwa na udhuru mzito kuliko Mgiriki. Kwamba Cairo ni mbali?

Kwa upande wa Italia niseme neno moja, kwa haki. Tarehe 4 Mei 1949 ndege iliyobeba timu ya soka ya Torino ilianguka Superga, siku 11 tu kabla ya michuano kuanza. Sisemi kwamba ndiyo sababu ya wao kutokuwepo kwenye kikapu. Nasema ndiyo hewa iliyokuwepo Mei ile, kupanda ndege na timu nzima halikuwa jambo la mzaha.

---

Mjukuu wa Chifu

Baba Naima umeandika vizuri. Mimi swali langu ni dogo: wachezaji wenyewe walikuwa akina nani? Tumemtaja Montasser tu.

---

Dada Rebound

Mbali na Montasser kulikuwa na Youssef Abbas, Albert Tadros, Gaby Catafago, Zaki Harari, Abdelrahman Hafez na wengine. Soma majina hayo taratibu utaiona Cairo ya wakati ule: Waislamu, Wakopti, watu wa asili ya Shamu (kule Siria na Lebanon), na kocha Mwitaliano kwenye benchi. Alexandria na Cairo zilikuwa na vilabu vya kila jamii. Baada ya mapinduzi ya 1952 na vita ya Suez ya 1956 mchanganyiko huo ulipungua sana, watu wengi wakahama. Timu ya sura ile haikurudi.

Mwingine wa kukumbukwa kutoka Misri ni Abdel Moneim Wahby, rais wa FIBA kuanzia 1968 hadi 1976. Mwafrika akiongoza kikapu cha dunia, na bado huku jamvini tunaulizana kama Misri walialikwa kwa bahati mbaya.

---

Kigali Mjini

Muraho wadau. Mimi nilikuwepo Kigali Arena mwaka 2021 Zamalek wa Misri walipobeba kombe la kwanza la BAL mbele ya Monastir wa Tunisia. Wakati ule vijana wengi pale ukumbini walishangaa Misri wametokea wapi, wao walizoea Angola, Tunisia, Senegal. Nilikaa na mzee mmoja akatuambia hao wana kikapu cha babu zao, tukamcheka. Uzi huu nitamtumia kijana wake maana mzee mwenyewe hana simu ya kisasa.

Swali langu kwa mleta mada: bingwa wa 1949, je 1951 alitetea?

---

Mnazi wa Kikapu

Hapana, na hapa ndipo penye uchungu wangu.

Mwaka 1951 michuano ilikwenda Paris, kwa mshindi wa pili. Timu 18 zilijitokeza, hadi Scotland na Luxembourg, lakini bingwa hayumo. Wasovieti wakarudi, wakawafunga Chekoslovakia 45 kwa 44 kwenye fainali, ndani ya Vélodrome d'Hiver. Pointi moja! Na hapo ndipo utawala wao ulipoanza upya. Misri walirudi mara moja tu, Moscow 1953, pale kwenye uwanja wa wazi wa Dinamo, wakawa wa nane kama Bwana Takwimu alivyosema. Baada ya hapo hawakuonekana tena Ulaya, na kuanzia 1962 wakawa na Kombe la Afrika, ambalo wamelichukua mara tano.

Natamani wangekwenda Paris. Si kwa sababu wangeshinda, maana Wasovieti wale walikuwa na Otar Korkia wa Georgia, na Stepas Butautas wa Lithuania, na Ilmar Kullam wa Estonia. Yaani mataifa matatu yenye kikapu chake, mawili kati yake ya Baltiki iliyomezwa na Wasovieti mwaka 1940, yote kwenye jezi moja. Hao ndio urithi wa mabingwa wa 1937 na 1939. Ningependa tu kuona Montasser anawakabili akiwa bingwa.

---

Bwana Takwimu

Hapo angalau tunaongea lugha moja. Wewe mwenyewe unakubali wasingeshinda.

Msimamo wangu: bingwa halali, michuano dhaifu. Andika hivyo sitapinga.

---

Dada Rebound

Basi uwe mkweli kwa wote, Bwana Takwimu. Ugiriki walipata shaba Cairo, medali yao ya kwanza kwenye kikapu cha Ulaya. Kwenye timu ile alikuwepo Faidon Matthaiou, mtu aliyeshindana Olimpiki ya London 1948 kwenye kupiga makasia, halafu akaja kuitwa baba wa kikapu cha Ugiriki. Baada ya shaba ile Wagiriki walisubiri miaka 38, hadi 1987 walipochukua ubingwa Athens.

Sijawahi kumsikia Mgiriki akisema shaba ya 1949 ilikuwa ya kombe la mbuzi. Wanaihesabu, wanaitaja, wanaanzia hapo historia yao. Ila dhahabu ya siku hizo hizo, mji huo huo, ikiwa kwa Mwafrika, ndiyo tunaanza kuuliza nani hakuja.

---

Bwana Takwimu

Mimi ningesema hivyo hivyo hata kama bingwa angekuwa Ufaransa.

---

Wa Kisauni

Ungesema, lakini nani angekufungulia uzi?

---

Mjukuu wa Chifu

😂😂 Hapo Kisauni kamaliza.

Mnazi, umegusa Lithuania 1939 ukapita. Nimesikia kulikuwa na Mmarekani mrefu aliyeleta ugomvi kule Kaunas. Kama una muda tiririka.

---

Mnazi wa Kikapu

Frank Lubin, kwao Lithuania walimwita Pranas Lubinas. Wazazi wake Walithuania, yeye kazaliwa Los Angeles, na alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1936 akiwa na Marekani. Latvia walilalamika sana juu yake na Walithuania wenzake wa Marekani. Hiyo ni habari ndefu na haitaki kubanwa hapa chini. Nitaifungulia uzi wake wiki ijayo, na Bwana Takwimu nitamwita kwa jina, maana najua ataanza na kuuliza nani alistahili kucheza.